Jiji Linalopimwa kwa Miguu

Tarehe 28 Oktoba 1932, Benito Mussolini alipanda farasi akazindua barabara mpya iliyonyooka kutoka Piazza Venezia hadi Colosseum. Ilikuwa sherehe ya miaka 10 tangu Wafashisti watwae madaraka. Via dell'Impero ilikuwa pana, imetengenezwa kwa ajili ya magwaride, na kando yake yalionekana magofu ya Warumi wa kale. Kisichoonekana tena kilikuwa mtaa wa Alessandrino, pamoja na nyumba zake, makanisa yake na karakana zake. Maelfu ya wakazi walihamishwa ili barabara ipite. Wengi wa maskini waliobomolewa nyumba miaka ile walisukumwa nje kabisa ya jiji, kwenye vitongoji vilivyojengwa harakaharaka mashambani ambavyo Warumi waliviita borgata: Primavalle, Pietralata, Tufello, Gordiani, San Basilio. Mwaka 1936 nyundo zikavuka mto Tiber, na mtaa wa Borgo ukaanza kubomolewa ili kuba la Basilika la Mtakatifu Petro lionekane vizuri kutoka mbali.

Mwaka 1939 ikaja sheria ya kuzuia watu kuhamia miji mikubwa. Bila kazi mjini, mtu hakuandikishwa kuwa mkazi. Bila kuandikishwa kuwa mkazi, hakupewa kazi. Mkulima wa Calabria au Abruzzo alikuwa Mwitaliano kamili kijijini kwake, lakini akifika Roma aligeuka mtoro. Msomaji ambaye babu yake alining'iniza kipande shingoni katika Nairobi ya mkoloni hahitaji kuelezwa zaidi. Sheria hiyo iliishi kuliko Mussolini mwenyewe, maana ilifutwa mwaka 1961.

Nimeanza na barabara na sheria kwa makusudi. Filamu zilizopigwa Roma baada ya vita zimeandikiwa vitabu vingi, na karibu vyote huzisifu kwa huruma. Huruma imo. Lakini kinachomfanya mtu asiyewahi kukanyaga Italia azitazame akahisi amelijua jiji lile ni kwamba waliozitengeneza walielewa umbali. Walijua nani anaishi karibu na nani mbali, na kwamba kutoka kule kuja huku kuna gharama ambayo mtu hulipa kwa miguu yake.

Utawala uliobomoa mitaa ya kweli ulijenga pia mitaa ya uongo. Tarehe 28 Aprili 1937 Mussolini alifungua Cinecittà, jiji la filamu, kwenye barabara ya Via Tuscolana, kilomita kama tisa kusini mashariki mwa katikati ya Roma. Kaulimbiu ya serikali ilikuwa kwamba sinema ndiyo silaha yenye nguvu kuliko zote. Ajabu ni kwamba filamu nyingi zilizotoka humo hazikuwa na bunduki wala hotuba. Zilikuwa vichekesho vya mapenzi vya watu wenye nafasi, katika vyumba vinavyong'aa, wakinong'onezana kwa simu nyeupe, hata jina likazikaa: filamu za simu nyeupe. Baadhi yake zilidai kwamba mambo yanatokea Budapest, na kwa kweli isingeleta tofauti yoyote, kwa sababu mlango ulipofunguliwa, nje hapakuwa na mtaa.

Vita ndivyo vilivyoutoa mtaa uwanjani. Tarehe 19 Julai 1943 ndege za Marekani zililipua San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi ulio jirani na yadi ya reli, na maelfu ya watu wakafa jijini siku hiyo. Siku sita baadaye Mussolini aliondolewa madarakani. Septemba Italia ikasalimu amri, Wajerumani wakaishika Roma, na kwa miezi tisa jiji likaishi kwa foleni za mkate, marufuku ya kutembea usiku na misako ya nyumba kwa nyumba. Mitambo ya Cinecittà ilipakiwa kwenye mabehewa ikapelekwa kaskazini. Majeshi ya Marekani na wenzao yalipoingia tarehe 4 Juni 1944, mabanda makubwa ya studio yakafanywa kambi ya wakimbizi. Watu waliopoteza nyumba wakawa wanalala mahali palipokuwa pakijengwa nyumba za kuigizia.

Kwa hiyo Roberto Rossellini alipoanza kupiga Roma città aperta, Januari 1945, hakutoka kwenda mitaani kwa sababu ya nadharia. Studio haikuwepo. Wala yeye hakuwa malaika: chini ya Ufashisti alikuwa ameongoza filamu tatu za vita zilizoupendeza utawala. Sasa, akiwa na waandishi Sergio Amidei na kijana mmoja mchora katuni aliyeitwa Federico Fellini, alikuwa na ukumbi mdogo kwenye Via degli Avignonesi, karibu na Via del Tritone. Humo zilijengwa ofisi ya Gestapo na chumba cha kasisi. Mengi ya yaliyobaki yalipigwa nje. Sauti haikurekodiwa papo hapo, kwa kuwa kupiga picha bubu na kuingiza sauti baadaye kulikuwa rahisi kifedha.

Imesimuliwa miaka nenda miaka rudi kwamba Rossellini aliokoteza vipande vya filamu kutoka kwa wapiga picha wa mitaani, akaviunganisha kimoja kimoja, ndiyo maana picha inafifia hapa na kung'aa pale. Ni hadithi tamu. Filamu ilipofanyiwa ukarabati mwaka 1995, mafundi walikuta aina tatu tu za mkanda: mmoja wa Ferrania kwa picha za nje na aina mbili za Agfa kwa picha za ndani. Mabadiliko hayo ya mwanga yalitokana zaidi na usafishaji mbovu maabara. Sioni kwamba ukweli huo unampunguzia Rossellini chochote. Kilicho cha ajabu katika filamu ile ni mambo yanayotokea mbele ya kamera, si mkanda uliomo ndani yake.

Tarehe 3 Machi 1944, mbele ya kambi ya jeshi kwenye Viale Giulio Cesare, askari wa Kijerumani alimpiga risasi Teresa Gullace, mama wa watoto watano aliyekuwa mjamzito, aliyefika pamoja na wanawake wengine kudai waume zao waliokamatwa. Katika filamu mwanamke huyo ni Pina, aliyeigizwa na Anna Magnani. Rossellini aliliondoa tukio Viale Giulio Cesare, si mbali na Vatikano, akalipeleka upande wa mashariki, Via Montecuccoli, kwenye majengo marefu ya wapangaji karibu na reli. Pina analiona lori likimchukua mchumba wake, anapenya katikati ya askari, anakimbia, anaanguka barabarani. Tukio linaisha kabla mtazamaji hajameza mate. Kasisi wa filamu, Don Pietro, alitungwa kutokana na makasisi wawili wa kweli: Giuseppe Morosini, aliyepigwa risasi kwenye ngome ya Bravetta Aprili 1944, na Pietro Pappagallo, aliyekuwa mmoja wa watu 335 waliouawa kwenye mapango ya Ardeatine mwezi uliotangulia. Waliokwenda kuitazama filamu Septemba 1945 walikuwa wakiyatazama mambo ya mwaka jana tu. Wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi. Watu wa kawaida waliijaza kumbi, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa filamu zilizopata tuzo kuu kwenye tamasha la Cannes.

Lakini Rossellini alilipiga jiji katika hali ya dharura, na dharura hupita. Aliyeonyesha Roma ya Jumatatu hadi Jumapili alikuwa Vittorio De Sica, ambaye miaka ya 1930 alipendwa kama mwigizaji mtanashati wa vichekesho. Mwandishi Cesare Zavattini alimletea riwaya ya Luigi Bartolini, iliyotoka 1946, kuhusu mchoraji anayezunguka Roma akitafuta baiskeli yake iliyoibwa. Zavattini akatupa karibu kila kitu, akaacha jina na baiskeli. Mchoraji wa Bartolini angeweza kuishi bila baiskeli ile. Zavattini alimtafuta mtu asiyeweza.

Ili kumpata mtu huyo, alimpeleka Val Melaina. Ladri di biciclette, filamu ya 1948, inaanzia kwenye mtaa huo wa kaskazini mashariki uliojengwa miaka ya 1930, maghorofa makubwa yaliyosimama peke yake kwenye uwanda, kama watu walioambiwa wasubiri basi lisilokuja. Wanawake wanajaza ndoo kwenye bomba la nje. Antonio Ricci anapata kazi ya manispaa ya kubandika mabango, na sharti ni moja: awe na baiskeli. Ya kwake iko rehani. Mkewe Maria anang'oa mashuka kitandani, wanayapeleka kwa wakopeshaji wa serikali, na hapo De Sica anatuonyesha karani akipanda rafu ndefu kwenda kuweka furushi lao juu ya mamia ya mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna hotuba inayoweza kueleza hali ya Roma ya mwaka 1948 vizuri kuliko rafu ile.

Siku ya kwanza kazini, Antonio akiwa juu ya ngazi anambandika Rita Hayworth ukutani, baiskeli inaibwa. Anamkimbiza mwizi hadi ndani ya njia ya chini ya Umberto I, anampoteza kwenye magari. Kuanzia hapo hadi mwisho wa filamu, Antonio na mwanawe Bruno wanatembea. Wanapekua fremu, kengele na pampu katika soko la Piazza Vittorio. Wanakwenda Porta Portese, mvua inawakuta. Wanaingia kanisani ambako maskini wananyolewa bure na kupewa mchuzi, sharti wasali kwanza. Wanapita kandokando ya Tiber, wanaingia kwenye mgahawa ambao si wa kiwango chao, wanafika kichochoro cha mwizi, ambako mtaa mzima unasimama upande wa mwizi. Wanaishia nje ya uwanja wa mpira, mbele ya baiskeli mamia kwa mamia zilizoegeshwa.

Mtazamaji makini ataona kwamba De Sica hasimulii safari hiyo kwa kurukaruka. Unajua mtoto amechoka kwa sababu umetembea naye. Mhakiki Mfaransa André Bazin aliandika kwamba De Sica alipowachagua waigizaji alitazama kwanza jinsi mtoto anavyotembea kando ya mtu mzima. Namwamini, maana ukiondoa sauti bado utaielewa filamu kwa hatua zao tu: lini Bruno anakimbia ili amfikie baba, lini anatangulia, lini anabaki nyuma kwa hasira.

Watu huiita filamu hii picha ya maisha yalivyo, kana kwamba kamera ilisahauliwa kando ya barabara. Si hivyo. Mvua ya Porta Portese ilimwagwa na mabomba ya zimamoto. Umati ulipangwa. Kisichopangwa kilikuwa nyuso. Mtayarishaji wa Hollywood, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha iwapo Antonio angeigizwa na Cary Grant. De Sica akakataa, akachangisha kwa Waitaliano. Antonio akawa Lamberto Maggiorani, fundi wa kiwanda cha Breda aliyemleta mwanawe kwenye usaili, akachaguliwa yeye badala ya mtoto. Maria akawa Lianella Carell, mwandishi wa habari aliyekuja kumhoji De Sica. Bruno, Enzo Staiola, alionekana katikati ya watazamaji wa mtaani wakati upigaji picha umeshaanza. Sinema ilipokwisha, Maggiorani alirudi kiwandani, na haikuchukua muda akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Kwa mwigizaji wa filamu ile, ilikuwa kejeli ambayo Zavattini angeona aibu kuiandika.

Marekani, wakaguzi wa Hollywood walitaka vipande viwili viondolewe: Bruno akitaka kukojoa ukutani, na Antonio akimfukuzia mwizi ndani ya danguro. Msambazaji, Joseph Burstyn, akagoma, akaionyesha hivyohivyo, na filamu ikapewa Oscar ya heshima. London, mwaka 1950, kijana wa Calcutta aliyeitwa Satyajit Ray aliitazama akatoka ukumbini ameamua kwamba filamu yake ya kwanza ataitengeneza namna ile, nje na kwa watu wasio waigizaji. Miaka miwili baadaye jarida la Uingereza la Sight and Sound liliwauliza wahakiki ni filamu gani bora kuliko zote, wakaitaja hiyo.

Nyumbani haikupendwa hivyo. Serikali ya Christian Democrats ilitaka watalii na wawekezaji, si mashuka ya rehani. Giulio Andreotti, aliyesimamia mambo ya sinema serikalini, alipitisha mwaka 1949 sheria iliyotoa ruzuku kwa mkono mmoja na kushika ufunguo wa hazina kwa mkono wa pili. De Sica alipotoa Umberto D. mwaka 1952, hadithi ya mstaafu na mbwa wake wanaokaribia kutupwa nje na mwenye nyumba, Andreotti alimwandikia barua ya wazi akimlaumu kwa kuichafua Italia machoni pa dunia. Filamu haikupata watazamaji. Cinecittà ilikuwa imeanza kufufuka kwa fedha za Wamarekani, ambao faida zao zilizuiwa kutoka Italia na hivyo ikabidi wazitumie hukohuko. Mwaka 1953, katika filamu yake, William Wyler akampandisha Audrey Hepburn, aliyeigiza binti mfalme, nyuma ya Vespa ya Gregory Peck, na Roma ikawa jiji ambalo kila kitu kiko dakika tano kutoka kila kitu. Filamu ile ni tamu na sitaisema vibaya. Ila ramani yake ni ya binti mfalme.

De Sica na Zavattini walirudi nje ya jiji mara moja zaidi, mwaka 1956, na Il tetto. Maharusi wawili wasio na pa kuishi wanajenga kibanda usiku mmoja kwenye kiwanja kisicho chao, kwa sababu nyumba ikishaezekwa, polisi hawawezi kuibomoa papo hapo. Ndugu, marafiki, matofali, saa inakimbia. Haitajwi sana. Kwa mtu aliyekulia pembezoni mwa jiji lolote linalokua, nadhani ndiyo yenye kusisimua kuliko zote za De Sica.

Wakati huo Fellini alikuwa ameshaota mbawa zake mwenyewe. Roma alifika mwaka 1939 akitokea Rimini, na mapenzi yake kwa jiji yalikuwa ya mgeni. Kwa La dolce vita ya mwaka 1960 alitaka Via Veneto, barabara ya mikahawa ambako waigizaji na wafuasi wao walikesha na wapiga picha wakawavizia. Barabara ya kweli ilijaa magari na maofisa wenye vibali. Basi mbunifu wake Piero Gherardi akaijenga upya ndani ya Cinecittà. Via Veneto ina mteremko. Ya Gherardi ilikuwa tambarare. Fellini alikiri baadaye kwamba aliipenda ya bandia kuliko ya kweli. Miaka 15 baada ya kamera kutolewa nje kwa ulazima, ilirudi ndani kwa hiari. Hata hivyo chemchemi ya Trevi ni yenyewe, na maji yake ya majira ya baridi ni yenyewe: Anita Ekberg alisimama humo bila kulalamika, Marcello Mastroianni akavaa suti ya mpiga mbizi chini ya nguo zake.

La dolce vita inaanza angani. Helikopta imening'iniza sanamu ya Kristo, inapita juu ya mifereji ya kale ya maji karibu na Via Tuscolana, juu ya maghorofa mapya ambayo bado yana majukwaa ya ujenzi. Watoto wanakimbia chini, wafanyakazi wanapunga mikono, na waandishi wa habari walio katika helikopta ya pili wanawapungia wasichana wanaoota jua darini. Vitongoji vyote vya Roma mpya vinapita kwa dakika chache, halafu tumefika Mtakatifu Petro. Ni ufunguzi mzuri ajabu, na ni kauli ya mtu ambaye hana haja ya kushuka.

Aliyeshuka ni Pier Paolo Pasolini. Januari 1950 alifika Roma na mama yake, hana kitu, akaishi miaka ya mwanzo karibu na gereza la Rebibbia na kufundisha shule ya Ciampino, mwendo mrefu kila siku. Alijifunza lugha ya vijana wa borgata hadi Fellini akamwita amsaidie kwa mazungumzo ya Le notti di Cabiria. Alipotaka kuongoza filamu yake mwenyewe, kampuni ya Fellini ilitazama majaribio yake ikajitoa. Alfredo Bini akaitayarisha. Accattone ilipigwa zaidi mitaa ya Pigneto, jirani tu na pale alipoangukia Pina, na Franco Citti, ambaye hakuwa mwigizaji, akawa mkuwadi asiye na kazi. Juu ya vumbi na ugomvi wa walevi Pasolini akaweka muziki wa kanisani wa Bach. Ilipotoka mwaka 1961 walio chini ya miaka 18 walikatazwa kuitazama, na Wafashisti mamboleo wakaivamia ilipoonyeshwa ukumbi wa Barberini.

Mwaka uliofuata akamchukua Magnani kwa Mamma Roma. Ni kahaba aliyeacha kazi na kuhamia na mwanawe Ettore kwenye nyumba mpya za serikali za Tuscolano, zenye bafu, kibanda cha mboga sokoni na majirani wa heshima. Alikuwa amepanda ngazi moja. Magnani na Pasolini walivutana mno wakati wa kazi, yeye akitaka kuigiza, mwongozaji akitaka uso tu, na mvutano huo unaonekana. Sidhani kama umeidhuru filamu. Nyuma ya maghorofa kuna uwanja wenye magofu, ambako Ettore na wenzake wasio na kazi wanapoteza siku. Ni mifereji ileile ambayo helikopta ya Fellini ilipita juu yake. Pasolini aliipiga kutoka kwenye majani, kwa kimo cha mtu aliyesimama. Malango ya Cinecittà hayako mbali.

Fellini alilipenda jiji hadi mwisho, kwa namna yake. Katika filamu yake Roma ya mwaka 1972 alijenga kipande cha barabara ya mzunguko ndani ya Cinecittà ili apige msongamano wa magari kwenye mvua, wakati barabara yenyewe ipo na msongamano wake ni wa bure. Alimwomba Magnani atokee. Anamsubiri usiku mlangoni kwake, anaanza kumsifu kuwa yeye ndiye alama ya jiji lenyewe, na Magnani, kwa kicheko, anamwambia aende zake kulala, hamwamini, kisha anafunga mlango. Alifariki mwaka uliofuata.

Filamu hiyo inawafuata pia wachimbaji wa treni ya chini ya ardhi wanaotoboa ukuta wakakuta michoro ya Kirumi, ikafutika kwa hewa mbele ya macho yao. Michoro ni ya Fellini; uchimbaji ulikuwa wa kweli. Njia ya A ilifunguliwa Februari 1980, ikitoka karibu na Vatikano, ikipita Piazza Vittorio na nyumba za Mamma Roma hadi Cinecittà na kusonga mbele. Val Melaina haikuwa kwenye mpango huo. Kituo cha mtaa huo, Jonio, kilifunguliwa Aprili 2015.